Mwache Paka Aje Mwenyewe

Kabla hujamwaga dagaa nje ya mlango, mtazame kwanza huyo paka unayetaka kumzoea. Yuko aliyewahi kulelewa na watu, kisha wenyewe wakahama wakamwacha, au wakamtia kwenye kiroba na kwenda kumbwaga sokoni. Huyu hutembea mkia juu, hukutazama usoni, hulia akikuona, na mchana kweupe utamkuta amejilaza kwenye baraza ya watu. Yuko na aliyezaliwa kwenye gofu au chini ya ngalawa iliyopandishwa pwani, ambaye mkono wa mtu haujawahi kumgusa. Huyu hupita amejibana na ukuta, tumbo karibu na ardhi, hutoka kiza kikiingia, na mbele ya watu hatoi sauti. Paka wakubwa wakiwa peke yao hawaliliani sana. Ile nyau wanawalilia watu, na asiyelelewa na mtu hana sababu ya kuitoa.

Wa kwanza, ukiwa na subira, huenda akarudi kulala miguuni pa mtu. Wa pili, akiwa ameshakua, pengine mwisho wa usuhuba wenu utakuwa yeye kula hatua mbili kutoka ulipokaa bila kukimbia. Mimi nauhesabu huo kuwa usuhuba kamili. Wanaotaka zaidi ya hapo ndio wanaorudi ndani na mikono iliyoparurwa.

Tofauti hiyo inatoka utotoni. Kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi, mtoto wa paka anajifunza nani wa kumwogopa na nani wa kumwacha apite. Akishikwa kwa upole kila siku katika kipindi hicho, hukua akiwaona watu kuwa sehemu ya mtaa. Kikipita bila mkono wa mtu, kila wiki inayoongezeka inafanya kazi iwe ngumu zaidi. Kwa hiyo ukivikuta vitoto kwenye gofu la jirani, usivinyakue siku hiyo hiyo. Mama yao huenda ameenda kuwinda, na hakuna maziwa ya dukani yanayofaa kama yake. Mlishe mama hapo hapo, vizoee vitoto vikiwa bado vyake, na kuvichukua kungoje vifike wiki 8.

Sasa chakula. Paka wanaozunguka diko la Lamu, au vibanda vya Forodhani pale Unguja jioni, wanaijua saa ya samaki kuliko wachuuzi wengi, na kwa njia hiyo hiyo watakujua na wewe. Chagua saa moja na mahali pamoja, usibadilishe. Atakayekuja saa kumi na mbili jioni akakuta sahani, na kesho yake akaikuta tena, ataanza kukungoja. Anayerushiwa kichwa cha samaki leo asubuhi, keshokutwa usiku, na wiki nzima asirushiwe kitu, atabaki kukuona kama bahati tu.

Vichwa na mabaki ya samaki vichemshe, utoe miiba mikubwa. Dagaa wa chumvi waroweke kwanza umwage maji. Usimpe mabaki ya mchuzi wenye kitunguu maji au kitunguu saumu, kwani vyote viwili vinaharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha, itupe. Wali mtupu unamshibisha bila kumlisha. Paka ni mla nyama, na wali uwe wa kuongezea tu. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtu hukimbilia kumpa, huwaharisha paka wakubwa wengi. Anachohitaji zaidi kwenye joto la pwani ni bakuli la maji safi kivulini, na hilo ndilo watu husahau.

Weka kiasi cha kumalizwa katika nusu saa, kisha ondoa sahani. Ukiiacha, kunguru watakuwa juu ya paa kabla hujafunga mlango, usiku watakuja panya, na kesho jirani atakuwa na neno nawe.

Baada ya kuweka sahani, kaa. Watu wengi huweka na kuondoka, wakatarajia paka aunganishe chakula na wao. Yeye huunganisha chakula na sahani. Kaa mbali kiasi cha yeye kula bila kuinua kichwa kila mara, hata kama ni upande wa pili wa uchochoro, na kaa chini, kwenye kigoda au ngazi, maana mtu aliyesimama ni mrefu mno kwa mnyama aliyezoea kupigwa mawe. Geuza bega, usimwelekee kifua. Usimkazie macho. Macho yenu yakikutana, fumba yako polepole, kisha fumbua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 majaribio yaliyoonyesha kwamba paka humrudishia mtu ufumbaji huo, na kwamba huelekea kumsogelea zaidi mgeni anayefumba macho hivyo kuliko mgeni aliyekaa na uso mkavu. Chukua simu usome, au chambua mchele. Mtu mwenye shughuli yake hatishi.

Akishakula kwa utulivu, sogeza sahani kidogo kuelekea ulipo, wala wewe usisogee. Akisita, irudishe ilipokuwa jana. Mwite kila siku kwa sauti ile ile, iwe pspsps au jina ulilompa, na chini ya sahani tandika leso kuukuu uliyoivaa, ili harufu yako aizoee wakati wewe hupo. Siku ukitoka umejifukiza udi, usishangae akikunusa kwa mbali kama mtu mpya.

Mguso wa kwanza ni wake. Teremsha mkono usawa wa pua yake, vidole vimekunjwa, uuache hapo. Akinusa akaondoka, basi, imetosha kwa leo. Akikusugulia shavu, mkune shavuni na chini ya kidevu mara mbili tatu, kisha acha wewe kabla hajachoka. Tumbo na mkia usiguse, hata akijilaza chali mbele yako. Anakuonyesha kwamba hakuogopi, hajakuomba umshike hapo. Mkia ukianza kupiga huku na huku, ngozi ya mgongo ikitetemeka, au masikio yakilala, ondoa mkono taratibu. Akikufokea kwa ile pumzi ya khaaa, usimjibu na usimkaripie. Ameonya kabla ya kupiga, na hiyo ni adabu kubwa kwa paka.

Jihadhari pia na ujasiri wa ghafla. Paka pori aliyekuwa hakaribiki, leo amekujia ghafla, anapepesuka, mate yanamtoka au anauma ovyo, usimguse kabisa. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Ukiumwa au kuparurwa na paka yeyote wa nje, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Jino la paka huacha tundu dogo, lakini huingia ndani na uchafu wake, na mkono unaweza kuvimba ndani ya siku moja.

Kazi yote hii inaweza kuharibiwa na jiwe moja la mtoto wa jirani. Zungumza na watu mapema. Yupo mama atakayekwambia lile shume kubwa lenye jicho moja ni jini, na kubishana naye hakutamsaidia paka. Mwambie sahani utaiweka upande wako na utaiondoa mwenyewe. Mzee anayelalamikia unajisi anajua kuliko wewe habari za Abu Huraira, sahaba aliyepata lakabu hiyo kwa ajili ya paka wake; muulize yeye akuhadithie. Na yule mtoto wa mawe mpe kazi ya kubadilisha maji ya bakuli.

Kisha kuna kuhasi, na hapa sina ulegevu. Kulisha paka bila kuwahasi ni kuzalisha njaa ya mwakani. Jike hubeba mimba wiki 9 tu, na anaweza kushika akiwa na miezi minne au mitano. Lamu ipo kliniki ya wanyama inayofanya kazi hii; kwingine muulize daktari wa mifugo wa karibu. Paka asiyeshikika hutegwa kwa kisanduku cha waya, si kwa gunia. Kwanza funga mlango wa kisanduku juu usishuke, mlishie humo ndani kwa siku kadhaa, ndipo utege. Akinaswa, mfunike kwa kitambaa mara moja, giza humtuliza. Kama unaye wa kukusaidia, yeye ndiye abebe kisanduku, wewe usionekane. Akirudishwa awe na ncha ya sikio la kushoto iliyokatwa, ili asinaswe tena bure, na afunguliwe pale pale alipochukuliwa.

Siku chache za mwanzo atakukwepa. Endelea kuweka sahani saa ile ile.

Ukisafiri, mwachie jirani sahani, leso na ule mwito, na mwoneshe mahali pa kukaa kabla hujaondoka. Ukirudi ukamkuta paka amehamia barazani kwake, usimdai.