SOMO LA UFUNDI: UKAWIO WA ORDINATERI NA GINSI YA KUUPIMA



Wengi wanazani ordinateri nzuri ni ile yenye kumaliza kazi nyingi kwa wakati mfupi. Ni kweli kwa kuandika barua ao kuhesabu pointi za trimestri. Lakini kuna kazi ingine ambayo mbio peke yake haitoshi. Mashini yenye kusukuma pumzi katika mapafu ya mgonjwa, ao ile yenye kuongoza mkono wa chuma katika kiwanda, inataka jibu lifike mbele ya saa iliyopangwa kupita. Hapo jibu la haki likichelewa ni sawasawa na jibu baya. Kazi ya namna hii tunaiita kazi ya wakati halisi. Na ukawio ni muda unaopita kati ya kuomba kitu na kukipata.

1. Nani anaomba, nani anajibu?

Programu yetu haina ruhusa ya kugusa chombo yenyewe. Fananisha na depo ya masomo. Mwanafunzi haingii ndani kuchukua chaki. Anabisha mlango, na mwenye kulinda depo anamtafutia. Katika ordinateri, depo ni kiini cha sistemi. Mlinzi wa depo ni piloti, ni kusema programu ndogo yenye kujua lugha ya chombo kimoja. Katika Linux tunabisha mlango kwa miito kama open, read, write na ioctl.

Tufuate njia yote:
a) programu inabisha na kuingia katika kiini;
b) piloti inapa chombo amri;
c) programu inalala ikingoja;
d) chombo kinamaliza, kinapiga kengele;
e) kiini kinaacha kazi ingine na kuamsha programu;
f) programu inaendelea.

Kila hatua inakula wakati. Lakini angalia sana hatua ya e. Kama kiini kilikuwa kimeshika kazi isiyoweza kukatwa katikati, programu yetu itaendelea kulala, hata kengele imekwisha kulia.

2. Mlango wa haraka

Linux ya kawaida inataka kila programu ipate sehemu yake. Ni haki, lakini haki hiyo haihakikishi saa. Kwa hiyo mafundi walitengeneza njia mbili. Njia ya kwanza inaitwa PREEMPT_RT: inabadilisha kiini chenyewe ili kazi zake karibu zote ziweze kukatwa na kazi ya cheo cha juu. Iliendelea miaka mingi pembeni, kisha ikaingia katika Linux yenyewe kwa toleo 6.12, Novemba 2024. Njia ya pili ni ya Xenomai: kiini kidogo cha pili kinakaa kando ya Linux na kupokea kengele mbele yake. Mapiloti yake yanaandikwa kwa mpango unaoitwa RTDM.

Lakini mjihazari. Katika Xenomai, programu ya haraka ikiomba kazi ya kawaida, kama kuandika katika disko, inahamishwa upande wa Linux, inapanga mustari pamoja na wengine wote. Ahadi ya saa imekwisha. Tena, mbele ya kuanza, programu ifunge kurasa zake katika memori kwa mwito mlockall, zisitafutwe katikati ya kazi.

3. Kupima

Programu inasoma saa, inaita piloti, inasoma saa tena, inatoa ya kwanza katika ya pili. Programu moja inayojulikana, cyclictest, inafanya vingine: inaomba iamshwe saa fulani, na ikiamka inaangalia imechelewa kiasi gani. Lakini hiyo inapima kuamshwa tu, haipimi piloti yenu. Kwa kupima njia yote, chombo cha nje kipeleke alama ya umeme, programu ijibu kwa waya mwingine, na osiloskopi ionyeshe nafasi iliyo kati ya alama mbili.

Tuseme mmepima mara 1000. Mara 999 ukawio ni mikrosegonde 20, mara moja ni 620. Jumla ni 20 600, basi kadiri ya katikati ni 20,6. Inapendeza sana! Lakini kama mpaka ni mikrosegonde 200, mashini imeshindwa mara moja. Na kama inazunguka mara 1000 kwa segonde, inaweza kushindwa kila segonde. Kwa hiyo usiulize katikati. Uliza ukawio mkubwa kupita yote.

Tena usipime ordinateri ikiwa imepumzika. Ipe mzigo: nakala za faili, rezo, picha. Na upime masaa mengi, kwa sababu ubaya wa namna hii hautokei mara nyingi.

4. Mfano wa kweli

Ukawio unaweza kutoka pia katika vyeo vya kazi. Chombo cha Marekani Mars Pathfinder kilishuka juu ya Mars tarehe 4 Julai 1997. Sistemi yake ilikuwa VxWorks, si Linux. Kisha siku chache ordinateri yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya. Sababu gani? Kazi ya cheo cha chini, ya kupima hali ya hewa, ilikuwa imeshika ufunguo. Kazi ya cheo cha juu ilikuwa inangoja ufunguo huohuo. Katikati, kazi za cheo cha kati zikamzuia mdogo asimalize. Mkubwa akachelewa, na mlinzi wa saa akaanzisha yote upya. Mafundi waliitafuta shida hiyo kwa chombo kama kile kilichobaki duniani, kisha wakatuma amri: mwenye kushika ufunguo aazimwe cheo cha yule anayemngoja. Shida ikaisha.

Maulizo

1. Mmepima mara 500: mara 499 ni mikrosegonde 30, mara moja 1030. Kadiri ya katikati ni ngapi? Mpaka ukiwa 400, mashini inafaa?
2. Sababu gani cyclictest haitoshi kwa kujaribu piloti mpya?
3. Katika hatua a mpaka f, ni wapi Pathfinder ilikwama?

Mlete majibu kwa mwalimu wa fizika.