SOMO LA AFYA: Mtoto mwenye usonji na safari yake ya shule

Somo hili ni hasa kwa wazazi mlioko hapa Guangzhou na kwingineko ughaibuni. Leo tuzungumzie usonji, jambo ambalo wengi tunalificha ndani kwa kuogopa maneno ya watu.

Usonji ni nini?
Usonji si laana, hauambukizi, wala hausababishwi na chanjo au malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo wa mtoto. Daktari Leo Kanner aliueleza nchini Marekani mwaka 1943. Hapa China, Profesa Tao Guotai wa Nanjing aliripoti watoto wanne mwaka 1982. Hospitalini utasikia "zibizheng" au "guduzheng". Yote mawili ni hali hiyo hiyo.

Dalili za kuangalia
- Amefikisha mwaka mmoja lakini haitiki jina lake.
- Haonyeshi vitu kwa kidole.
- Anachelewa kusema, au anarudia rudia maneno.
- Anavurugika ratiba ikibadilika, au anaziba masikio kwa kelele za kawaida.

Ukiona dalili hizi usisubiri, mpeleke akachunguzwe. Hapa mjini, Hospitali ya Tatu ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen ina kituo cha makuzi na tabia za watoto.

Je, tuache Kiswahili?
Watoto wetu husikia Kiswahili nyumbani, Kimandarini shuleni na Kikantoni sokoni. Wazazi wengine hushauriwa waache lugha yao. Utafiti haujaonyesha kwamba lugha mbili huzidisha usonji. Zungumza na mwanao lugha unayoimudu, maana ndiyo utakayombembelezea.

Shuleni
Mwanangu ana miaka kumi na moja. Darasa la kwanza alimaliza muhula mzima bila kumjibu mwalimu hata neno. Lakini kila jioni alinakili herufi za Kichina kumi, akifuta na kurudia mpaka mistari ikae sawa. Hakuna aliyempigia makofi. Mwaka huu amesimama mbele ya darasa, akasoma aya nzima kwa sauti ndogo, kisha akarudi kukaa. Hakupewa cheti, lakini mimi mama yake natembea kifua mbele.

Yaliyotusaidia ni haya:
1. Ratiba ya siku kwa picha, imebandikwa ukutani.
2. Mwalimu kumpa agizo moja, kisha jingine.
3. Mahali tulivu pa kupumzika akizidiwa na kelele.
4. Kumpima kwa alipokuwa muhula uliopita, si kwa mtoto wa jirani.

Jihadharini na wauzaji wa dawa za "kuponya" usonji. Dawa hiyo haipo. Kinachosaidia ni mafunzo, subira na kuanza mapema.

Mzazi mwenzangu, wageni wakija usimfungie mtoto chumbani. Mwite aje asalimie kwa namna yake, hata kama ni kwa kupunga mkono tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Tukutane somo lijalo, Mungu akipenda.