Ndama Huzaliwa Bila Kinga

Mkulima wa skimu akiulizwa mali yake huanza na ekari, halafu hutaja ng'ombe wanaokamuliwa, na ndama huja mwisho. Mara nyingine hatajwi kabisa. Lakini ng'ombe unayemkamua leo anaelekea uzeeni. Atakayelipa karo ya watoto miaka mitatu ijayo ni yule aliyelala juu ya gunia nyuma ya jiko.

Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, na watu wakahamia Kinangop, Sotik, Lugari na kwingineko, wengi walipewa mikopo ya kununua ng'ombe wa gredi, nayo mikopo ilitazamiwa kulipwa kwa pesa za maziwa. Wengi walikuwa wafugaji hodari wa ng'ombe wa kienyeji. Walijua ya kuwa ng'ombe wa kienyeji hateremshi maziwa mpaka ndama amguse, kwa hiyo ndama alinyonya kwanza na mtu akakamua baadaye. Ng'ombe wa gredi hakudai hivyo. Yeye hukamuliwa hata ndama akiwa mbali, maadamu kiwele kimeoshwa kwa maji ya uvuguvugu na mkamuaji ni mtu anayemjua. Hapo ilianza tamaa ya kupeleka maziwa yote kwenye chama cha ushirika, pamoja na yale yaliyokuwa haki ya ndama. Mashamba yale sasa yamegawanyiwa watoto na wajukuu, na ng'ombe wengi hulishwa zizini, lakini tamaa hiyo ipo vile vile.

Sasa tuje kwenye somo. Mtoto wa binadamu, akiwa bado tumboni, hupokea sehemu ya kinga ya magonjwa kutoka damu ya mama yake. Ng'ombe sivyo. Kondo la nyuma la ng'ombe lina tabaka nyingi kati ya damu ya mama na damu ya mtoto. Chakula hupita, kinga haipiti. Basi baada ya miezi tisa na siku chache ndama huteremka duniani akiwa na macho, kwato na manyoya, lakini damu yake haina askari. Askari wake wamewekwa mahali pamoja tu, katika yale maziwa ya kwanza, ya manjano na mazito, yaitwayo dang'a.

Dang'a haipokelewi kwenye chama, kwa kuwa ikichemshwa huganda na kuharibu maziwa ya wengine. Kwa ajili hiyo watu wengine huimwaga, na wengine huipika wakaila. Wako wanaosema kwamba inamharisha ndama. Ni kweli kwamba hulainisha tumbo siku ya kwanza, na hiyo ni kazi yake, kutoa ule uchafu mweusi wa kunata uliojaa utumboni kabla ya kuzaliwa. Mwache atoe.

Jambo kubwa hapa ni saa. Utumbo wa ndama aliyezaliwa sasa hivi ni kama chujio lenye matundu makubwa, na kinga hupita nzima nzima kuingia katika damu. Lakini matundu hayo huanza kuziba mapema. Katika saa 6 za kwanza yanapitisha vizuri, kisha hupungua saa hata saa, na ikifika yapata saa 24 njia imefungwa. Ndama anayepewa dang'a siku ya pili huipata kama chakula kizuri, na humsaidia kidogo ndani ya tumbo, lakini katika damu haiingii tena.

Mama mmoja alikuja kwenye dirisha la ofisi yetu akasema, "Mwalimu, ndama wangu ana siku tano naye anahara maji matupu. Nipe dawa." (Wazee na akina mama huniita mwalimu ingawa siku hizi kazi yangu ni kalamu na madaftari.) Nikamwuliza, "Mama, alinyonya lini mara ya kwanza?" Akajibu, "Alizaliwa saa nne usiku. Tulimwacha alale. Asubuhi tukakamua, mzee akasema hayo ya manjano wapewe mbwa. Jioni saa kumi na mbili ndipo tulipompa." Tafadhali msomaji, fanya hesabu. Toka saa nne usiku hata saa kumi na mbili jioni ni saa 20. Mbwa walipata kinga ya ng'ombe, ambayo haiwafai kitu, na ndama akapata shibe. Daktari wa mifugo alikwenda kumtibu, na ndama akapona kwa taabu na kwa gharama. Wengine hawaponi.

Kipimo ni sehemu moja ya kumi ya uzito wa ndama. Ndama wa Friesian mwenye kilo 40 apate lita 4, na wa Jersey mwenye kilo 25 apate lita mbili na nusu. Mpe nusu katika saa mbili za kwanza, na nusu nyingine kabla ya saa 6 kwisha. Dang'a ya kukamua mara ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Ya mara ya pili tayari imepungua. Usitegemee kwamba ndama atajinyonyea mwenyewe, maana wako walio dhaifu, na wako ng'ombe ambao chuchu zao zimejaa mno au zinaning'inia chini hata mtoto hazioni. Kamua uweke katika chupa safi yenye chuchu ya mpira, ujue kwa macho yako kiasi alichomeza. Endelea na maziwa ya mama yake kwa siku tatu, ambazo hata hivyo chama hakiyataki.

Jambo jingine ambalo wakulima wengi hawajaambiwa ni kwamba dang'a hutengenezwa katika wiki chache kabla ya kuzaa, na askari walio ndani yake ni wa kupigana na vijidudu vya mahali ng'ombe alipokuwa akiishi. Kwa hiyo ukinunua mtamba mwenye mimba kutoka mbali, mlete kwako mapema, hata miezi miwili kabla hajazaa, ili mwili wake uzoee vijidudu vya zizi lako. Ukimleta wiki ya mwisho atamkinga ndama kwa magonjwa ya shamba la jirani aliyekuuzia. Tena ng'ombe akaushwe siku 60 kabla ya kuzaa. Anayekamuliwa mpaka siku ya uchungu hana nafasi ya kuandaa dang'a nzuri.

Mama akifa wakati wa kuzaa, kimbilia kwa jirani ambaye ng'ombe wake amezaa siku hiyo hiyo. Ile dawa ya wazee ya yai na mafuta ya kastoroli katika maziwa hulainisha tumbo tu. Kinga haimo.

Wakati wa kuzaa ng'ombe hujitenga na wenzake. Mwache katika mahali pasafi penye nyasi kavu. Ndama akishuka, ondoa ute puani na mdomoni, kisha mwache mama amlambe, kwa maana kulamba kunamkausha, kunamtia joto na kuamsha pumzi. Asipolamba, msugue ndama kwa gunia kavu. Chovya kitovu chote katika iodini, kwa sababu kamba ile mbichi ni mlango wazi wa vijidudu, na mara nyingi magoti yaliyovimba katika wiki ya pili yaliingia kwa mlango huo. Ng'ombe anayezalia malishoni humficha mtoto katika nyasi ndefu akaenda kula, na ndama hutulia kimya akilala. Wengi humwona wakadhani ni mgonjwa. Hiyo ni tabia waliyorithi tangu ng'ombe walipokuwa wa porini, ili wanyama wakali wasimwone. Mtazame pua na masikio. Ikiwa pua ina unyevu na masikio yamesimama, ni mzima.

Sasa habari ya tumbo. Ng'ombe mkubwa ana matumbo manne, na lile la kwanza ni kama pipa ambamo nyasi huchachushwa. Ndama anayo yote manne, lakini la kwanza ni dogo na halifanyi kazi. Maziwa yanatakiwa yalipite yaende moja kwa moja katika tumbo la nne. Mungu ameweka mfereji wa nyama ambao hujikunja kama bomba ndama anaponyonya, na maziwa hupita humo. Kunyonya, maziwa yenye joto la mwili, na saa zile zile kila siku ndiyo mambo yanayoukunja vizuri. Maziwa baridi, au ndama aliyetishwa na kulazimishwa kunywa kwa pupa, huweza kuuacha mfereji wazi. Hapo maziwa humwagika katika lile pipa na kuoza, na tumbo likavimba.

Basi umfundishe kunywa katika ndoo kwa subira. Nawa mikono, msukume taratibu kinyumenyume mpaka kwenye pembe ya banda, mtie vidole viwili mdomoni avinyonye, kisha teremsha mkono ndani ya maziwa. Baada ya siku mbili tatu atakunywa mwenyewe. Ndoo iinuliwe kutoka chini kufikia goti la mtu. Nayo ioshwe kila mara kwa maji ya moto na kuanikwa juani, maana ndoo yenye utando wa jana ni chungu cha kupikia kuhara.

Lile pipa halikui kwa maziwa. Hukua kwa chakula kikavu na maji. Tangu wiki ya kwanza mwekee konzi ya unga wa ndama na maji safi, na wiki ya pili nyasi kavu laini. Atachezea zaidi kuliko kula, lakini ndivyo tumbo linavyojifunza. Mwezi wa tatu anaweza kuachishwa maziwa, ikiwa anakula unga vizuri kila siku.

Ndama aliyekwisha kunywa bado ana hamu ya kunyonya kwa muda wa dakika kumi hivi. Wakiwa wawili pamoja watanyonyana masikio, kitovu na mahali pa kiwele. Mtamba aliyenyonywa hivyo anaweza kuharibika chuchu kabla hajazaa. Kila mmoja awe na chumba chake cha futi 4 kwa futi 5, chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa na kuachwa nafasi mkojo upite. Nyufa za upande wa upepo zizibwe. Huko Kinangop baridi ya usiku wa Julai ikichanganyika na matandiko ya mkojo, kichomi hakiko mbali.

Akihara, hatari ya kwanza ni kukauka maji. Finya ngozi ya shingo uiachilie. Ikikawia kurudi, na macho yameingia ndani, ameishiwa maji. Nunua chumvi maalum za ndama katika duka la dawa za mifugo, changanya kama ilivyoandikwa, umpe lita 2 asubuhi na lita 2 jioni katikati ya saa za maziwa. Usitumie sukari ya chai, kwa maana utumbo wa ndama hauwezi kuisaga na utazidisha kuhara. Vitabu vya zamani vilishauri kumnyima maziwa. Siku hizi imejulikana kwamba ndama aliyenyimwa hudhoofu upesi, basi aendelee kunywa kidogo kidogo. Akishindwa kusimama au kuwa na damu kinyesini, mwite daktari.

Kupe nitawataja kwa ufupi. Kupe wa hudhurungi hukaa masikioni, naye ndiye aletaye ndigana kali. Hata ndama wa zizini hupata kupe kutoka kwa majani yaliyokatwa. Papasa masikio kila siku. Ukikuta uvimbe wa tezi chini ya sikio au mbele ya bega pamoja na homa, usingoje kesho, maana dawa husaidia ikianza mapema. Iko pia chanjo iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Muguga, ambayo daktari wa mifugo wa kwenu atakueleza.

Mkulima atasema, "Maziwa yote hayo ni pesa." Tuhesabu. Ndama akinywa lita 4 kwa siku 90 ni lita 360. Ng'ombe anayetoa wastani wa lita 10 kwa siku 305 hutoa lita 3,050. Ndama hafikishi hata sehemu moja ya nane.

Msomaji mmoja ameuliza kuhusu ng'ombe wake aliyezaa mapacha, dume na jike. Ataka kumlea yule jike awe mtamba. Jibu ni kwamba katika kumi wa namna hiyo, tisa au zaidi ni tasa, kwa sababu damu za mapacha hao huchanganyika tumboni, na mambo ya dume huharibu kizazi cha jike. Dume mwenyewe kwa kawaida hana kasoro, na mapacha walio majike wote wawili hawana shida hiyo. Kabla hujamlisha miaka miwili bure, daktari anaweza kumpima angali mdogo, kwa kuwa njia yake ya uzazi huwa fupi mno. Akionekana tasa, mnenepeshe umwuze kwa nyama.