Mtoto wa Nyumba ya Jirani

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda Mgololo kubariki nyumba. Watu wengi wa huko huishi kwa kiwanda cha karatasi na kwa misitu ya misindano na mikaratusi iliyokizunguka. Baba yuko zamu ya usiku, mama ametoka alfajiri, na mtoto mchanga huachwa kwa yaya. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba moja ambayo hatutaitaja. Mama wa nyumba alitulaki kwa "kamwene", akatuandalia chai. Karibu na mlango wa jiko alisimama msichana apataye miaka 12, mtoto mchanga mgongoni. Mkono wa sweta yake ulipopanda tuliona alama za kuungua, tatu au nne, zimepangana kama mistari. Tulimwuliza msichana, akajibu mama: "Ameungua jikoni, Padre. Watoto wa siku hizi hawana uangalifu." Tukaridhika. Tukanyunyiza maji ya baraka, tukanywa chai, tukaenda zetu.

Miezi miwili baadaye tulipata habari kwamba msichana yule ametoroka usiku wa mvua. Akina mama wauzao ndizi kando ya barabara walimkuta akitetemeka, na walipomvua sweta ili wampe nguo kavu, wakauona mgongo wake. Akina mama wale hawakusoma seminari kuu. Lakini asubuhi ile ile walimpeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akamfikisha kwa afisa ustawi wa jamii. Walifanya lile lililotupasa sisi kulifanya miezi miwili kabla.

Wasomaji wetu wapenzi, twaanza na kosa letu wenyewe kwa sababu somo la juma hili latuhusu sote. Twataka kujifunza jinsi ya kutambua kwamba mtu aliye chini ya ulezi wa mwingine anatendewa ubaya, na jinsi ya kumsaidia bila kumdhuru zaidi.

KWA NINI SOMO HILI NI LETU

Nyanda hizi za Juu Kusini zimejua vifo vingi. Uchunguzi wa mwaka 2007/08 ulionyesha kwamba mkoa wa Iringa, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Njombe, uliongoza Tanzania Bara kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI: zaidi ya watu wazima 15 katika kila 100. Hata katika uchunguzi wa mwaka 2022/23, Njombe na Iringa zilikuwa bado juu ya 10 katika 100. Dawa zimeokoa wengi, nasi twamshukuru Mungu. Lakini miaka ile ya msiba ilituachia yatima wengi waliokulia kwa bibi, kwa wajomba, kwa mama wakubwa, na katika vituo vya kulelea watoto. Wengine walipelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Nani asiyejua kwamba huko Dar es Salaam mtu akitafuta msichana wa kazi huuliza kwanza kama yuko wa kutoka Iringa?

Wengi wa walezi hao ni watu wema, na wengine ni watakatifu kwelikweli. Hata hivyo kazi ya ulezi hufanyika ndani, mlango umefungwa, na mlelewa hana nguvu ya kusema. Mtoto mchanga hana maneno. Mtoto mwenye ulemavu wa akili huenda asiaminiwe. Bibi kizee alalaye kitandani humtegemea kwa uji yule yule amtesaye. Msichana wa kazi akifukuzwa usiku hajui njia ya kwao.

Tena tusidhani kwamba mwenye kuteswa hakosi kusema. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Tanzania mwaka 2009, ukatangazwa mwaka 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 juu ya maisha yao kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema kwamba walipatwa na ukatili wa kijinsia. Kati ya wasichana hao, karibu nusu hawakumwambia mtu ye yote. Na wavulana walinyamaza zaidi. Basi tukingoja mtoto aje kutueleza, wengi hatutawasikia kamwe. Hapana budi tujifunze kusoma alama.

ALAMA ZENYEWE

Mtoto achezaye huumia, nasi twajua aumiapo: magotini, kwenye ugoko, kwenye viwiko, kwenye paji la uso. Lakini alama zikiwa mgongoni, matakoni, masikioni, shingoni, au upande wa ndani wa mapaja, ni lazima tujiulize. Mtoto mchanga asiyeweza hata kutambaa akiwa na vilio vya damu mwilini, tujiulize zaidi, maana hawezi kujigonga mwenyewe.

Maji ya moto yaliyomwagika kwa ajali hurukaruka, na kidonda chake huwa hakina umbo. Kidonda chenye umbo la pasi, au cha mviringo mdogo kama ncha ya sigara, au kilichozunguka mguu wote kwa mstari mmoja kama soksi, hakifanani na ajali. Na mistari ile tuliyoiona Mgololo, iliyopangana sawasawa, haikuletwa na cheche za jikoni.

Ziko alama zisizo za mwilini. Mtoto aliyekuwa mchangamfu amekuwa bubu. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena. Anamkimbia mtu mmoja, au anakataa kwenda nyumba fulani. Anajua mambo ya chumbani ambayo umri wake hauyajui. Ana zawadi na fedha zisizoelezeka. Katika nyumba moja watoto wa kuzaa wamenawiri, na yatima peke yake amekonda. Msichana wa kazi haruhusiwi kuja Misa, hapigi simu kwao, mshahara wake "unatunzwa" mwaka hata mwaka, na akiulizwa jambo hujibiwa na mwingine. Mzee ana vidonda vya mgongo kwa kulala bila kugeuzwa, na fedha yake ya pensheni hupokewa na mtu ambaye hamnunulii hata sabuni.

Mwaka 2014, baba mmoja wa Kampala aliona michubuko mwilini mwa mwanawe wa kike, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, akaona pia kwamba anachechemea. Akaweka kamera ya siri nyumbani. Yale aliyoyaona yalienea duniani kote: yaya alikuwa akimpiga mtoto na kumkanyaga. Mwisho wa mwaka ule ule yaya alikiri kosa mahakamani, akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Baba huyo aliyaamini macho yake. Kwetu Mgololo wengi hawana kamera, lakini wana majirani.

Papo hapo na wazazi tujihukumu. Sheria zetu hukataza kumwajiri mtoto ambaye hajatimiza miaka 14. Ampaye msichana wa miaka 12 mtoto mchanga amlee tangu alfajiri hata usiku, bila mapumziko wala ujira wa haki, amewakosea watoto wawili kwa mara moja.

TUSIHUKUMU, WALA TUSINYAMAZE

Alama moja si hukumu. Watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya rangi ya buluu kiunoni na matakoni, nayo huonekana kama mapigo; ni ya kuzaliwa tu, na hufifia wakuapo. Mtoto hukonda kwa kifua kikuu au kwa minyoo. Watu husema lisemwalo lipo. Lakini twajua pia jinsi uvumi ulivyokwisha kuharibu watu wasio na hatia, hasa mama wa kambo na wajane. Kwa hiyo asitokee msomaji wa somo hili akaanza kupiga mbiu kijijini.

Lakini sikilizeni vema, ndugu zetu. Kutokuwa na hakika si ruhusa ya kukaa kimya. Wengi hudhani kwamba wapaswa kwanza kuthibitisha, ndipo waseme. Sivyo. Kuthibitisha ni kazi ya afisa ustawi wa jamii, ya daktari, ya polisi na ya mahakama. Na huko huko mshtakiwa naye atapata nafasi ya kujitetea. Kazi yetu ni kupeleka habari kwa uaminifu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 95, humpa kila mwanajamii wajibu wa kuitaarifu serikali ya mtaa au kijiji aonapo haki za mtoto zikivunjwa. Neno lake ni wajibu, wala si hiari.

LA KUFANYA

Kwanza, mtoto akianza kukueleza, msikilize. Usishtuke mbele yake, usimkemee, usimwulize, "Mbona hukusema mapema?" Usimtilie maneno kinywani kwa kumwuliza, "Ni fulani, siyo?" Mwulize tu, "Ikawaje?" kisha nyamaza. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwani ahadi hiyo itakubidi uivunje. Mwambie kwamba amefanya vema kusema, na kwamba kosa si lake. Baadaye andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe.

Pili, usimwendee mshukiwa. Ukimwonya, atamtisha mtoto, au atamhamisha usiku ule ule.

Tatu, toa taarifa siku ile ile: kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto lililoko polisi. Asiyejua pa kwenda apige simu namba 116, ya huduma kwa mtoto, ambayo hailipiwi. Na mtoto asirudishwe kulala katika nyumba ile ile kabla wenye madaraka hawajaamua.

Nne, kama amenajisiwa, saa zina thamani. Asiogeshwe, wala nguo zake zisifuliwe. Nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa maana ndani ya nailoni unyevu huozesha ushahidi. Afikishwe hospitali upesi, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Polisi watampa fomu iitwayo PF3. Lakini kama hali yake ni mbaya, aanze kutibiwa kwanza.

Tano, linda jina lake. Jambo hili lisitangazwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo, wala picha yake isipitishwe katika simu. Mtoto huyu atakua, ataolewa au ataoa, naye ana haki ya kuishi bila kunyoshewa kidole.

MBUZI WAWILI

Adui mkubwa wa somo hili ni ile suluhu ya ukoo. Wazee hukutana usiku, mkosaji hutoa mbuzi wawili au fedha kidogo, watu hupeana mikono, na asubuhi husemwa kwamba mambo yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Mbuzi wameliwa na wajomba, na mtoto amerudi kumtekea maji yule yule. Twaheshimu sana mabaraza ya wazee wetu. Ugomvi wa mipaka ya shamba waupatanishe, nasi tutawashukuru. Lakini mwili wa mtoto si shamba. Na msamaha wa Kikristo, ambao sisi mapadre huuhubiri kila Jumapili, haumzuii hakimu kufanya kazi yake. Anayemshurutisha mtoto kusamehe ili nyumba isiaibike hajafundisha Injili. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Neno hili twalisema na juu ya Kanisa letu. Katika nchi nyingi wamekuwapo mapadre na watawa waliowatenda watoto ubaya, na wakubwa waliowahamisha kimya kimya kutoka parokia hata parokia. Kwa ajili hiyo hayati Papa Fransisko alitoa mwaka 2019 barua yake Vos estis lux mundi, akaithibitisha pamoja na marekebisho mwaka 2023. Kwayo kila padre na kila mtawa amefungwa kutoa taarifa kwa mkubwa wa Kanisa anapojua au anapokuwa na sababu ya kushuku ubaya wa namna hiyo; na barua hiyo haifuti sheria za nchi. Siri ya kitubio haivunjwi kamwe. Lakini yale tuyaonayo kwa macho sebuleni, kama tulivyoona Mgololo, si siri ya kitubio. Kwa hiyo kanzu isiwe kinga ya mtu, na mlezi wa kituo cha watoto asikasirike akitembelewa bila taarifa. Mwenye mikono safi hufurahi mlango ukigongwa.

Twasoma katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli habari za kuhani Eli. Wanawe walikuwa wakiwatenda watu maovu mahali patakatifu, naye habari zote alizipata. Aliwakaripia, kisha akawaacha waendelee na kazi yao. Hilo ndilo kosa alilohukumiwa. Lakini jambo moja Eli alilifanya vema. Asubuhi ile, Samweli, mtoto aliyekuwa chini ya ulezi wake, aliogopa kusema aliyoyasikia. Eli akamwita, akamtaka asimfiche neno hata moja, ijapokuwa neno lenyewe lilimshtaki yeye mwenyewe, naye akalipokea.

Msichana wa Mgololo tulimwuliza mbele ya yule aliyemwogopa, tukakubali ajibiwe. Juma hili, msomaji, ukimwona mtoto mwenye alama ambazo maelezo yake hayalingani nazo, mwulize akiwa peke yake, kwa upole. Kisha, kabla jua halijatua, nenda kwa mtendaji.