Usiizike Joistiki Ingali Hai

"Dada, mimi ni kijana wa miaka 21, naishi Morogoro. Nina joistiki ya mtumba ninayorushia ndege kwenye Microsoft Flight Simulator. Siku hizi imenishinda. Nikianza kupaa na Cessna 172 inavuta kushoto, na hata nikishafika angani pua inachezacheza yenyewe kulia na kushoto wala sijagusa kitu. Muuza duka ameniambia imekufa, ninunue mpya. Fedha ninayo kidogo, ila niliiweka kwa ajili ya ndoto yangu ya kuwa rubani. Ninunue, nitengeneze, au niachane nayo?"

Pole kwa usumbufu, mdogo wangu. Na nyie wengine mlioniandikia kuhusu joistiki, pedali na vishikio vya kila aina, sogeeni, maana hili jibu ni la wote.

Tuanze na huyo muuza duka. Aliichomeka kwenye kompyuta akaipima, au aliisikia habari yake tu kutoka mdomoni mwako? Kama hakuipima, basi hajui kilichoharibika. Anachokijua ni bei ya mpya. Simlaumu, anatafuta riziki, lakini wewe usitoe hata shilingi kabla hujajua kinachoumwa.

Ukiisoma barua yako vizuri, una malalamiko mawili na umeyafunga kamba moja. Tuyafungue.

La kwanza: ndege kuvuta kushoto wakati wa kupaa. Mdogo wangu, hilo huenda si ugonjwa. Cessna 172 halisi nayo inafanya hivyo hivyo. Propela yake inazunguka kwenda kulia ukiitazama kutoka kwenye kiti cha rubani. Injini inapopewa nguvu zote huku mwendo ungali mdogo, msokoto wake, upepo wa propela unaouzunguka mwili wa ndege na kuupiga mkia, pamoja na panga la kulia kuvuta zaidi pua inapoinuka, vyote vinaielekeza pua kushoto. Rubani anajibu kwa kukanyaga pedali ya kulia. Waliotengeneza mchezo wameiga tabia hiyo, na wewe ukadhani kifaa kimekusaliti. Jaribu hivi: ukiwa juu, punguza nguvu ya injini hadi chini kabisa, uache ndege iteleze. Ikiacha kuvuta kushoto, joistiki haina kosa kwa hilo. Jifunze tu kuzungusha fimbo kidogo kulia unapopaa, kisha uirudishe taratibu mwendo unapoongezeka.

La pili: pua kuchezacheza bila kuguswa. Hapo sasa naanza kuishuku joistiki. Lakini bado hatuhukumu, tunaipima kwanza.

Funga mchezo kabisa. Kwenye Windows bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika joy.cpl, kisha bonyeza Enter. Chagua joistiki yako, fungua sifa zake, utaona kialama cha msalaba kinachofuata mkono wako na mistari inayopanda na kushuka kwa mihimili mingine, yaani miendo mingine kama kuzungusha fimbo. Sasa ondoa mikono. Tulia, tazama.

Msalaba ukitulia tuli, lakini mahali ambapo si katikati, kifaa kimepoteza kumbukumbu ya katikati yake. Fanya usawazishaji hapo hapo kwenye dirisha hilo. Ni bure, na wengi wenu mngeishia hapa.

Mstari ukirukaruka wenyewe, au ukisukuma polepole ukakuta unakwenda, unaruka, unakwenda tena, kihisi cha mhimili huo kimechafuka au kimelika. Nabashiri chako ni mhimili wa kuzungusha fimbo, ule unaoendesha usukani wa mkia, kwa sababu umesema pua inakwenda kulia na kushoto.

Joistiki nzima ikipotea na kurudi, huku kompyuta ikitoa ule mlio wa kifaa kuchomolewa, tazama waya. Hukatika zaidi pale unapoingilia kwenye kitako, kwa kukunjwakunjwa. Kabla ya kuushutumu, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kwenye kigawanyio cha USB, jaribu tundu jingine, kisha ingia kwenye mipangilio ya Windows uizuie isikate umeme wa tundu hilo kwa kisingizio cha kubana matumizi.

Na kama kwenye kipimo kila kitu kimetulia lakini mchezoni ndege bado ina wazimu, joistiki ni nzima. Kagua mipangilio ya mchezo. Mara nyingi utakuta mhimili mmoja umekabidhiwa vifaa viwili: joistiki uliyoishika, na pedi ya mchezo uliyoisahau mezani ikiwa imechomekwa. Vyote viwili vinatoa amri, na ndege haijui imsikilize nani. Futa amri za kile usichokitumia.

Kuna wanaokimbilia kuongeza eneo tulivu, yaani ile sehemu ya katikati ambayo mchezo unapuuza mtikisiko wa fimbo. Kidogo si vibaya. Ukiliongeza sana umeficha ugonjwa, na utaujua siku ya kutua: unapoikaribia njia ya kutua unahitaji masahihisho madogo madogo, na hayo ndiyo yanayomezwa na eneo tulivu. Unasukuma, kimya. Unasukuma zaidi, ndege inaruka upande.

Haya, tuseme kipimo kimeonyesha mhimili unarukaruka. Kilicho ndani ya joistiki nyingi za bei nafuu ni potenshiometa, kitu kile kile kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha redio za zamani. Kuna njia ya kaboni, na juu yake kuna kijiulimi cha chuma kinachoteleza. Vumbi likiingia, au kaboni ikilika, namba zinazokwenda kwenye kompyuta zinarukaruka. Mnakumbuka redio iliyokwaruza kila mkizungusha sauti? Ndiyo hadithi hiyo hiyo.

Kama joistiki yako bado ina waranti, ishia hapa, irudishe dukani, maana kuifungua kunaweza kukunyima haki hiyo. Ya mtumba haina cha kupoteza. Ichomoe kwanza kwenye kompyuta. Tafuta skrubu zote, zikiwemo zinazojificha chini ya raba za kitako au chini ya karatasi ya nembo. Fungua taratibu juu ya shuka la rangi nyeupe, kwa sababu springi ya katikati ina tabia ya kuruka na skrubu zina tabia ya kutokomea. Piga picha kila hatua kwa simu.

Ukiikuta potenshiometa ya mhimili unaosumbua, ipulizie kidogo ile dawa maalumu ya kusafishia vifaa vya umeme, kwenye uwazi ulio karibu na miguu yake mitatu. Izungushe kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi, iache ikauke kabisa, ndipo ufunge na kupima. Usitumie mafuta ya kupikia, wala mafuta ya kujipaka, wala thina ya rangi. Thina inakula plastiki, na najua baadhi ya mafundi wanaipenda sana, kwa hiyo usione haya kumwambia fundi hapana.

Kusafisha kukisaidia wiki chache kisha mtikisiko ukarudi, njia ya kaboni imelika. Hapo ni kubadilisha. Soma maandishi mgongoni mwa potenshiometa, kwa mfano B10K. Namba ni ukinzani wake, na B kwa kawaida ina maana kwamba ukinzani unabadilika sawasawa na mkono unavyozungusha. Ukipewa yenye A, fimbo itakuwa nzito kuitika upande mmoja na kali upande mwingine. Chukua ya thamani ile ile, na kijiti chake kinachozungushwa kiwe na umbo na urefu ule ule, la sivyo haitaingia mahali pake.

Kama hujawahi kushika pasi ya solda, usijifunzie hapa. Nenda kwa fundi redio au fundi simu. Walioko Dar watampata Kariakoo, walioko Nairobi watampata Luthuli Avenue, na Morogoro nako hamkosi. Usimwambie "joistiki imekufa", kwa maana utamlipa akutafutie tatizo ambalo tayari unalijua. Mwambie: "Fundi, naomba unibadilishie hii, iwe ya namba hii hii." Kubalianeni bei kabla hajashika bisibisi, na umwombe akurudishie kile kilichotolewa. Hapo hata yeye atajua amepata mteja anayejielewa.

Sasa, lini tuseme basi? Kusafisha, potenshiometa, waya, swichi ya kitufe, springi: tengeneza. Kiungio cha plastiki kinachobeba fimbo kikivunjika, au bodi ikiungua, usishindane nayo. Gundi haitadumu pale ambapo mkono unasukuma kila sekunde. Vua skrubu, springi na vitufe vizuri uviweke, vitakufaa, kisha anza kutafuta nyingine.

Ukifika huko kununua, usihesabu vitufe wala taa. Uliza kihisi. Kuna joistiki zinazotumia sumaku na kihisi cha Hall, kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879. Sumaku inasogea, kihisi kinasoma, na hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakuna cha kulika. Lakini uliza mhimili kwa mhimili. Thrustmaster T.16000M, kwa mfano, inatumia sumaku kwa mbele, nyuma na pembeni, ila kuzungusha fimbo bado kunategemea potenshiometa. Ukikuta ya mtumba yenye plagi pana ya pini 15, iache hata kama ni nzuri kwa macho. Kompyuta za leo hazina tundu hilo. Na unayechezea Xbox, hakikisha kwanza imetengenezwa kwa ajili ya Xbox, kwani za kompyuta pekee haitazikubali.

Nimelibakiza la fedha yako ya ndoto, maana ndilo lililonikaa moyoni. Mdogo wangu, saa unazoruka sebuleni haziandikwi kwenye kitabu cha saa za rubani, hata ukiwa na joistiki ya mamilioni. Na ile Cessna unayoipenda haina fimbo ya kuzungusha: ina usukani wa mikono, na usukani wa mkia unaongozwa kwa miguu. Mchezo utakufundisha kusoma vipimo, kufuata utaratibu na kuielewa ndege. Hayo utayapata hata kwa joistiki iliyobadilishwa potenshiometa.

Fedha uliyodunduliza ina kazi nyingine ya kutangulia. Anayetaka kuwa rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa baada ya kupimwa na daktari anayetambuliwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Kwetu Tanzania mamlaka hiyo ni TCAA. Macho, masikio, moyo, vyote hupimwa. Fanya hilo kabla ya kulipa ada ya chuo chochote, ujue mapema kama mlango uko wazi. Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao, na fedha hiyo ndiyo mbachao wako.

Kwa hiyo, usinunue. Leo jioni ondoa mikono kwenye fimbo, tazama msalaba na mistari, sawazisha. Jumamosi fungua na usafishe. Ikirudia, mwone fundi. Halafu niandikie uniambie mstari ule wa kuzungusha ulifanya nini, na kama daktari ameshakupa tarehe.