Mlinzi na Askari wa Zimamoto: Kazi Ipi Iko Hatarini Zaidi Mbele ya Akili Unde?

Kijana wa kata zetu anayemaliza Kidato cha Nne na kutaka kazi ya kulinda maisha na mali za watu aghalabu huona njia mbili mbele yake: lindo katika kampuni ya ulinzi, au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Siku hizi limezuka swali ambalo wazazi wake hawakulazimika kulijibu: ni ipi kati ya kazi hizo itakayochukuliwa upesi na akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba? Somo hili linazilinganisha ili mkazi apate kipimo cha kuamulia.

Mwaka 2013, watafiti Carl Benedikt Frey na Michael Osborne wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua kazi 702 za Marekani na kukadiria uwezekano wa kila moja kufanywa na mashine. Mlinzi alikadiriwa asilimia 84. Askari wa zimamoto, asilimia 17. Tofauti hiyo haitokani na heshima ya kazi, bali na majukumu yaliyomo ndani yake.

Sehemu kubwa ya zamu ya mlinzi ni kutazama na kuandika: nani ameingia, gari namba gani limetoka, saa ngapi. Kamera iliyounganishwa na programu husoma namba za magari, humtambua anayeruka ukuta, wala haisinzii saa tisa usiku. Askari wa zimamoto huingia katika nyumba asiyoijua, iliyojaa moshi, akipapasa ukuta, akimbeba aliyezimia na kuamua papo hapo iwapo paa litastahimili. Mashine humudu mahali palipopangika na kazi inayojirudia. Mahali palipovurugika huishinda.

Moto wa kanisa la Notre-Dame mjini Paris, tarehe 15 Aprili 2019, uliziweka kazi zote mbili kwenye mizani. Mtambo wa kutambua moshi ulitoa ishara mapema, lakini mlinzi aliyetumwa kukagua alifika katika dari ya jengo la pembeni badala ya dari ya kanisa lenyewe, na takriban nusu saa ikapita kabla ya zimamoto kuitwa. Baadaye roboti iitwayo Colossus iliingizwa kumwaga maji mahali palipokuwa hatari mno kwa binadamu. Hata hivyo, mnara wa kaskazini uliokolewa na askari waliopanda wenyewe, baada ya kamanda wao kupima hatari na kuamua. Mashine ilitangulia kuona. Kutambua moto uko wapi na kuamua nani apande kulibaki mikononi mwa watu.

Tarakimu za Marekani zisihamishiwe kwetu kama zilivyo. Kamera huhitaji umeme wa uhakika, mtandao na fundi, na mwajiri huinunua pale inapomgharimu chini ya mishahara. Hivyo basi, mlinzi wetu leo anakingwa kwa kiasi fulani na udogo wa mshahara wake. Kinga hiyo si ya kutegemea, kwa maana hupungua kila bei ya kamera inaposhuka. Tena mashine haihitaji kuwaondoa walinzi wote. Yatosha lango la walinzi wanne libaki na mmoja anayesimamia kamera.

Zimamoto nako, kazi kuwa salama mbele ya mashine si sawa na kazi kupatikana kwa urahisi, kwani waombaji ni wengi kuliko nafasi.

Kwa hiyo, anayechagua kazi, au aliye lindoni tayari, ajiulize maswali matatu. Je, sehemu kubwa ya zamu yangu ni kutazama na kuandika tu? Je, kazi yangu hunidai mikono na maamuzi mahali pasipotabirika? Je, watu hunihitaji niwatulize, niwasuluhishe au niwaokoe? Aliyejibu ndiyo kwa swali la kwanza pekee ana sababu ya kuongeza ujuzi mapema: kuendesha mfumo wa kamera, kutoa huduma ya kwanza, kutumia mtungi wa kuzimia moto, na kutoa taarifa sahihi ya mahali penye moto anapopiga simu zimamoto kwa namba 114. Mlinzi mwenye ujuzi huo ndiye atakayebakizwa langoni siku kamera zitakapofungwa.