SOMO KWA VIKUNDI: TUKITAKA FAIBA NYUMBANI, TUIOMBE PAMOJA

Masomo ya kusoma kabla ya mkutano: Nehemia sura ya 3, Luka 14:28-30



Siku hizi mambo mengi ya serikali yamehamia kwenye kompyuta. Ritani za KRA zinajazwa kwa iTax. Pasipoti na cheti cha tabia njema huombwa kwa eCitizen. Kijana aliyemaliza kidato cha nne huchagua chuo kupitia KUCCPS, na mkopo wa HELB huombwa huko huko kwenye mtandao. Mtu wa Kinanie asiye na intaneti ya kutosha hufanya nini? Hupanda gari hadi Athi River, hulipa nauli, hulipa saiba, na mtandao ukikataa anaambiwa arudi kesho. Ama hununua bando ya shilingi 50, nayo inaisha kabla fomu haijafika mwisho. Mwenye nacho huvumilia. Asiye nacho, mtoto wake hupitwa na tarehe ya mwisho.

Ndiyo maana swali hili linakuja katika mikutano: faiba tutaipataje mpaka nyumbani? Katika somo hili tutaangalia faiba ni kitu gani, kwa nini inapita karibu nasi bila kuingia, na kikundi kifanye nini ili iingie bila watu kupoteza pesa wala shamba.

1. FAIBA NI KITU GANI?

Faiba ni uzi wa kioo safi. Uzi mmoja una unene wa kama sehemu ya nane ya milimita, karibu sawa na unywele. Ndani yake hakupiti stima. Kunapita mwanga, unaowaka na kuzimika mara nyingi sana kwa sekunde moja, na mwanga huo ndio hubeba barua, picha na sauti. Mwanga hauibiwi nguvu na umbali haraka kama stima kwenye waya wa shaba, kwa hiyo uzi mmoja unaweza kufika kilomita 20 hivi kutoka kituoni na bado ugawanywe kwa nyumba 32 au hata 64.

Hapo zamani Kenya ilitegemea satelaiti kuzungumza na ulimwengu, na intaneti ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka 2009 nyaya mbili za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. EASSy ikafuata mwaka 2010. Kutoka Mombasa faiba hupanda bara hadi Nairobi ikivuka uwanda huu wetu wa Athi. Serikali nayo ilijenga mkongo wa taifa unaoitwa NOFBI ili kufikia makao ya kaunti, na Kenya Power imebeba faiba juu ya nguzo zake. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mpango wa kuongeza kilomita 100,000 za faiba nchini.

Kumbe faiba si kitu cha mbali. Basi mbona haiko bomani?

Tufikirie bomba kubwa la maji linalopita kijijini likielekea mjini. Bomba kupita si sawa na mfereji kufunguliwa. Lazima mtu atoboe, alete bomba dogo, achimbe mtaro mpaka mlangoni. Kipande hicho cha mwisho ndicho kigumu, na ndicho kinachotuhusu sisi.

2. GHARAMA IKO WAPI?

Wengi hudhani kwamba kioo chenyewe ndicho ghali. Sivyo. Gharama kubwa iko kwa kuchimba mtaro, kusimamisha nguzo, kulipa mafundi na kupata ruhusa. Mtaro wa kilomita moja una kazi ile ile, uwe unakwenda kwa nyumba moja au kwa nyumba thelathini.

Wacha tupige hesabu. Chukua njia ya mita 1,500 kutoka barabarani. Nyumba 3 zikiomba, kila nyumba inabeba mita 500. Nyumba 30 zikiomba, kila nyumba inabeba mita 50 tu. Mita 500 zitamshinda mtu wa kawaida. Mita 50 mtu anaweza.

Sasa tuangalie upande wa kampuni. Tuseme, kwa mfano tu, kila nyumba hutumia shilingi 50 kwa siku kununua bando. Kwa mwezi ni shilingi 1,500. Nyumba 30 ni shilingi 45,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 540,000. Pesa hizo tayari zinatoka mifukoni mwetu, lakini zinatoka vipande vipande na hakuna anayeziona. Mtu mmoja akienda ofisini kuomba faiba, ataambiwa "bado hatujafika huko." Kikundi kikienda na orodha ya nyumba 30 zilizo kwa mstari mmoja, zilizotia sahihi, hiyo ni biashara, na mfanyabiashara husikiliza biashara.

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu: faiba huja kwa kijiji, haiji kwa nyumba moja.

3. TUMEFANYA KAZI HII TAYARI

Watu wa Machakos hawafundishwi kuchimba. Matuta ya fanya juu yaliyookoa mashamba yetu yalichimbwa na vikundi vya mwethya kwa sururu na sepeto, leo shamba la huyu, kesho la yule. Miradi ya maji nayo imefuata njia hiyo hiyo. Nehemia alipojenga ukuta wa Yerusalemu aligawa kazi, na wengi walipewa sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Mtu hawezi kulegea kwa sehemu iliyo mbele ya mlango wake.

Kule Uingereza, katika mashamba ya Lancashire, wakulima waliona kampuni kubwa haziji. Mwaka 2011 wakaanzisha chama chao, Broadband for the Rural North, kinachojulikana kama B4RN. Wanakijiji walinunua hisa. Wenye mashamba wakatoa njia bure. Wengi wakachimba mitaro kwa mikono na kwa trakta zao. Leo chama hicho kinahudumia maelfu ya nyumba za mashambani. Hapa kwetu, Tunapanda imejenga mtandao wa jamii Kibera unaounganisha shule na vituo vya jamii kwa mawimbi badala ya waya. Sisi hatuna pauni za Uingereza. Lakini mapatano na mtaro tunavyo.

4. HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: Sajili kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua 10. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii itawaongoza. Bila cheti, mapatano yenu na kampuni hayatakuwa na mwenyewe.

Hatua ya pili: Chora ramani. Andika kila nyumba, shule, kanisa, duka na zahanati iliyo kwa mstari. Pima umbali kwa hatua ama kwa kamba. Onyesha nyumba zilizo na stima au sola, kwa sababu kisanduku cha ndani lazima kipate umeme. Stima ikipotea, intaneti nayo huzima, isipokuwa kuna betri ndogo ya akiba.

Hatua ya tatu: Patanisheni njia kabla ya kuita kampuni. Huku kwetu ploti nyingi zina wenyewe wanaoishi mbali. Ploti moja katikati inaweza kuzuia mstari mzima. Tafuteni mwenyewe mapema, au pitisheni mtaro kando ya barabara. Lakini kando ya barabara pia kuna mwenyewe: lazima ruhusa itoke kwa KeRRA au kwa kaunti, kulingana na barabara ni ya nani.

Hatua ya nne: Ruhusa ya njia iandikwe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua njia za huduma kupita juu ya ardhi ya mtu, na inatambua fidia. Mwenye shamba akiamua kutoa njia bure kwa ajili ya jirani zake, Mungu ambariki, lakini karatasi iseme upana wa njia, kina cha mtaro, nani atalipa mimea ikiharibiwa, na kwamba ardhi inabaki yake. Mama mjane mwenye nusu ekari asiambiwe "weka kidole hapa" kabla ya kusomewa kila neno kwa lugha anayoielewa, mbele ya shahidi aliyemchagua yeye mwenyewe.

Hatua ya tano: Zungumza na kampuni zaidi ya moja, na uliza maswali haya:
- Kufungiwa ni pesa ngapi, na kila mwezi ni ngapi?
- Kasi ni megabiti ngapi kwa sekunde, kupokea na kutuma pia?
- Je, kuna kiwango ambacho tukikipita kasi inapunguzwa?
- Waya ukikatika, mtautengeneza kwa siku ngapi?
- Kisanduku ni cha nani tukihama au tukiacha?
- Tukichimba mtaro wenyewe, mtapunguza shilingi ngapi kwa kila nyumba?

Swali hilo la mwisho msilisahau. Jasho la mwethya ni mchango, na mchango huandikwa.

Hatua ya sita: Chimbeni kwa kipimo. Kampuni itatoa kina inachotaka. Udongo mweusi wa uwandani hufura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na mtaro wa juu juu hufunuka. Wekeni bomba la plastiki ndani, waya upite humo. Mkimaliza, wekeni mawe ya alama ili mwenye plau na dereva wa lori la mawe wajue mahali pa kuepuka.

5. TAHADHARI

Pesa. Yuko mtu atakayekuja na fulana ya kampuni akisema, "Leteni elfu mbili mbili, kesho tunafunga." Msimpe pesa mkononi. Ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano kama kampuni hiyo ina leseni. Lipeni kwa nambari rasmi ya kampuni, na risiti ikae kwa mweka hazina. Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: aketi kwanza ahesabu gharama. Kikundi kilichotoa akiba ya miaka mitatu kwa mtu wa fulana hakitajenga mnara, na kitavunjika pia.

Leseni. Kuchimba mtaro ni kazi halali yenu. Lakini kuuza intaneti kwa majirani ni jambo lingine, linahitaji leseni. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii. Kikundi kinachotaka kwenda njia hiyo kianze na ofisi hiyo.

Wizi. Waambieni vijana wazi: ndani ya faiba hakuna shaba. Ni kioo, hakuna wa kukinunua. Anayeikata hapati hata shilingi, na kijiji kizima kinakaa gizani.

Macho na vidole. Mtoto asichungulie ncha ya waya uliokatika. Mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyadhuru. Vipande vya kioo huingia kwenye ngozi kama mwiba mdogo, na ni vigumu kuvitoa. Mwacheni fundi avikusanye.

6. NA WALE WALIO NJE YA MSTARI?

Hapa ndipo roho ya kikundi hupimwa. Daima kutakuwa na nyumba iliyo bondeni, mbali na mtaro, ama isiyo na pesa ya kila mwezi. Tukiwaacha, tutakuwa tumejenga ukuta kati yetu. Tunashauri kwamba katika kila mstari nyumba ya kwanza kuunganishwa iwe nyumba ya wote: shule, ukumbi wa kanisa au ofisi ya kikundi. Hapo mtoto wa yeyote anaweza kujaza fomu yake, na mzee akasaidiwa na kijana kusoma ujumbe wa serikali. Malipo ya kituo hicho yagawanywe kwa wote walio kwa mstari.

Na kama faiba itachelewa, msikae bure. Zipo kampuni zinazoleta intaneti kwa mawimbi kutoka kwa mnara, na tangu 2023 Starlink inauza huduma ya satelaiti hapa Kenya. Kifaa kimoja kwenye kituo cha wote kinaweza kuwasaidia mpaka mtaro ufike. Ile ramani na ile orodha ya sahihi zitabaki na faida yake.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Nyumba zetu hutumia pesa ngapi kwa mwezi kwa bando, nauli na saiba? Kila mmoja aseme ukweli, kisha mjumlishe.
2. Mstari wetu una ploti gani zenye wenyewe wa mbali? Nani anawajua?
3. Ni nani kati yetu atabaki nje? Tutamfanyia nini?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO
Chagueni watu watatu, wakiwemo mama mmoja na kijana mmoja. Watembee mstari mzima kwa miguu, wahesabu nyumba na kupima umbali. Katika mkutano gawanyeni mita kwa idadi ya nyumba. Mkishaona nambari hiyo mtajua kama mko tayari kubisha mlango wa kampuni, ama kwanza mbishe milango ya majirani.